Alama za Ukosini

Pazia lile lilikuwa limepigwa pasi mara nne tangu asubuhi, na halikuwa na kosa lolote.

Sindano alilijua hilo. Lakini duka la dobi lisilotoa mvuke dirishani ni kama jiko lisilotoa moshi: mpita njia atajuaje kama ndani kuna watu? Kwa hiyo alilitandaza tena mezani, akalinyunyizia maji, akalikandamiza kwa pasi ya moto. Mvuke ukapanda, ukapiga kioo, ukateremka kwa matone. Nje watu walipita. Mmoja akasimama, akageuza shingo. Roho ya Sindano ikaruka, pasi ikabaki hewani. Kumbe yule mtu alikuwa anajitazama kwenye kioo. Akajifuta pembe ya mdomo, akaenda zake.

"Si ungeingia," Sindano aliuambia mgongo wa yule mpita njia. "Na shati lenyewe limekunjamana kama uso wa mkwe aliyenyimwa kiti."

Huu ulikuwa mwezi wake wa pili wa kuwa bosi wa nafsi yake. Duka lilikuwa chumba kimoja na nusu. Mbele kaunta na meza ya pasi. Nyuma mashine moja ya kufulia, mkono wa pili, ambayo ikifika kwenye kukamua ilitembea yenyewe kutoka ukutani hadi mlangoni, ikabidi aifunge kamba mguuni kama mbuzi. Uani kulikuwa na kamba za kuanikia alizogawana na wapangaji wengine watatu. Kodi ya miezi mitatu alikuwa ameshaitoa kwa mkupuo, akiba yake yote, na mwenye nyumba alikuwa amemwambia bila kuzunguka: mwezi wa tatu ukiisha, ama ulete ya mitatu mingine, ama ulete funguo.

Asubuhi ya kwanza alikuwa amefungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, kwa raha tu ya kusikia kitasa kikizunguka bila mtu nyuma yake kumuuliza mbona umechelewa. Alikwenda msalani bila kuaga mtu. Alijihimiza mwenyewe kwa kelele, "Haya, kazi!" na mwenyewe akacheka. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba bosi hana saa ya kutoka, wala kwamba kazi isipokuwepo inachosha kuliko ikiwepo. Sasa miguu ilimwasha kutwa. Alikwenda mlangoni, akarudi kaunta, akaenda uani kuhesabu vibanio vya nguo, akarudi mlangoni.

Mchana mama yake alikuja na bakuli la chakula, amelifunika kwa kitambaa.

"Umekula?"

"Nina kazi, mama."

"Naiona. Pazia." Mama akaweka bakuli kaunta, akavuta kigoda. "Hilo pazia likiweza kusema lingekuomba radhi. Mwanangu, nilikwambia mapema, usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mbachao wenyewe haukuwa wangu. Ulikuwa wa Bwana Mvuke. Mimi nilikuwa naukalia tu."

"Miaka kumi na mmoja uliukalia, na ukala, na ukavaa, na ukanilipia miwani hii. Sasa leo umekalia nini?"

Sindano akatazama huku na huku. Hakuwa amekalia chochote. Alikuwa amesimama tangu saa moja.

Bwana Mvuke alikuwa na duka la dobi upande wa juu wa barabara, mwendo wa dakika tano. Waliomwita hivyo walikuwa wafanyakazi wake, kwa sababu alitokea kila mahali kama mvuke, na kwa sababu miwani yake ilikuwa na ukungu daima, asijulikane anamtazama nani. Fahari yake kubwa ilikuwa hii: dukani kwake hakuna vikaratasi. Madobi wengine walimpa mteja risiti, akaipoteza, ukawa ugomvi. Kwa Bwana Mvuke mteja alitupa furushi lake kaunta na kuondoka. Siku ya tatu alikuja, akakuta nguo zake zimepigwa pasi na kufungwa, hakuna soksi iliyopungua.

Siri ilikuwa ukosini. Ndani ya ukosi wa kila shati, au kiunoni mwa kila suruali, palikuwa na mishono midogo ya uzi wa rangi. Rangi ilikuwa mtaa: kijani ni mtaa wa sokoni, kijivu ni nyuma ya shule, bluu ni kwenye maghorofa. Idadi ya mishono ilikuwa nyumba. Mshono uliolala ulikuwa baba, uliosimama mama, uliopinda mtoto. Aliyebuni yote hayo, akayashona, na kuyasoma kwa kupitisha kidole tu, alikuwa yeye, ndiyo maana akaitwa Sindano. Hayakuwa yameandikwa popote. Yalikuwa kichwani mwake, nyumba mia nne na ushei, na Bwana Mvuke hakuwahi kuuliza yanasomwaje, kama mtu asivyouliza moyo wake unadundaje.

Siku ya mwisho Sindano alikusanya vitu vyake taratibu kuliko ilivyohitajika. Alisubiri. Bwana Mvuke alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Uzi unauacha?"

"Uzi ni wako, mzee."

"Haya."

Sindano alijua fika anachokisubiri: aulizwe. Aombwe. Baada ya miaka kumi na mmoja, mtu aseme kwa kinywa chake kwamba kichwa hiki kina kitu. Naye mzee, hakuna shaka, alikuwa anasubiri aambiwe bila kuomba, maana bosi haombi. Kila mmoja akafunga kinywa. Sindano akatoka, na njia nzima hadi nyumbani alitembea kama mwizi aliyeiba kitu kisichoonekana.

Alasiri hiyo hiyo ya pazia, mlango wa uani uligongwa. Akaingia Moto, mpiga pasi wa Bwana Mvuke, aliyepewa jina hilo kwa tabia ya kupiga kelele "Moto! Moto!" kila alipopita na pasi mkononi. Alikuwa amekunja shati jeupe kwapani.

"Dada, hujambo? Duka zuri. Kimya kidogo."

"Kimya ni cha bei, kaka. Umefuata nini?"

Moto akalikunjua shati, akamgeuzia ukosi. "Hii ya nani?"

Kidole cha Sindano kilishafika kabla ya akili yake. Kijani, mishono saba, mmoja umelala: mhudumu wa mkahawa wa karibu na soko, mtu mwembamba, hupenda mikono ipigwe pasi bila mstari. Shati lenyewe lilimsalimu kama jirani wa zamani.

"Sijui," alisema.

Moto akamtazama.

"Dada Sindano. Hujui?"

"Nimesahau. Kichwa si kabati."

"Haya." Akaanza kulikunja shati, polepole. "Basi ujue hali ilivyo. Wateja wanatupa mafurushi kama kawaida, na sisi tunatazama nyuzi kama mbuzi anavyotazama gazeti. Tumejaribu vikaratasi; vimelowa, wino umechuja, mashati kumi yametoka na mabaka. Mzee juzi akasema, haya, kila mtu aje achague lake. Mama yangu! Mashati mazuri yakapata wenyewe watatu watatu, mabovu yakawa mayatima. Watu wamevutana suruali mpaka ikawa mbili."

"Na mzee?"

"Mzee anafuta miwani. Kutwa anafuta miwani."

Moto alipoondoka, Sindano alisimama katikati ya chumba. Aibu ingekuja baadaye. Saa ile alichosikia kilikuwa furaha, tena yenye njaa. Nyumba mia nne na ushei! Zikimkimbia Bwana Mvuke zitakwenda wapi? Duka jingine la dobi katika barabara hii ni lipi? Akafuta kaunta. Akapanga henga za kutundikia nguo. Akalishusha pazia, akalipiga pasi mara ya tano, safari hii kwa nyimbo.

Kesho yake hakuja mtu. Keshokutwa vivyo hivyo. Siku ya tatu aliona watu wakipita na mifuko, akatoka mlangoni akitabasamu hadi mashavu yakauma; ilikuwa mifuko ya vitunguu. Alianza kuwahi kufungua zaidi, saa kumi na mbili na nusu, akifagia ngazi za mlangoni ambazo hazikuwa na uchafu. Alikuwa na hakika wanakuja. Wako njiani tu.

Siku ya tano kengele ya mlangoni ililia kweli. Sindano alitoka nyuma mbio hadi akajigonga kiuno kwenye kaunta. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mzee mwenye ndevu nyeupe zilizonyolewa sawasawa. Kijivu, mishono minne, mmoja umelala.

"Karibu, mwalimu! Karibu sana. Leta, leta."

"Nilete nini, binti? Sina kitu. Nimekuja kukuuliza kama umeiona suti yangu."

"Suti?"

"Ile ya kahawia. Mimi nimeiona. Jana saa nne asubuhi nimeiona inavuka barabara, imevaliwa na mtu. Nikaifuata. Mitaa miwili, binti, nimeifuata suti yangu mwenyewe kama askari kanzu. Ikaingia benki. Mlinzi akanizuia mlangoni, akasema sijavaa vizuri."

Sindano aliuma mdomo ili asicheke, kisha akaona macho ya mwalimu, na hamu ya kucheka ikamtoka yenyewe.

"Pole, mwalimu. Pole sana. Kwangu mambo kama hayo hayatatokea. Niletee za wiki hii, nikufulie kwa..."

"Hapana, mwanangu." Mwalimu aliinua kiganja. "Nimeshanunua beseni."

"Beseni?"

"Beseni, na sabuni ya mche. Miaka sitini na mitatu, sasa najifunza kufua. Nyinyi madobi siwawezi tena. Nyote ni wamoja. Hata hapa, nikuulize, tofauti yako na yule wa juu ni ipi? Umemwiga mpaka kengele ya mlangoni."

Akaondoka, na kengele ikalia nyuma yake, mlio ule ule wa kwa Bwana Mvuke. Sindano mwenyewe alikuwa amezunguka maduka manne kuitafuta inayofanana nayo.

Alibaki akitazama nje. Ng'ambo ya barabara muuza vyombo alikuwa amepanga mabeseni yake ya plastiki hadi yakaziba dirisha, mekundu, ya bluu, ya njano, na watu walikuwa wamemzunguka. Mhudumu wa mkahawa alikuwepo, anapiga piga kitako cha beseni kama anayenunua tikitimaji. Mama wa maghorofani, bluu mishono kumi na miwili, alichukua mawili. Muuza vyombo alimwona Sindano, akampungia mkono kwa bashasha ya mtu ambaye riziki imemwangukia bila kujua ilikotoka.

Hapo ndipo lilipomwingia. Alikuwa akingoja moto uliowaka kwa jirani umfukuzie panya waje kwake, asijue kwamba nyumba zote mbili zimeezekwa paa moja.

Alimweleza mama yake jioni, wakiwa wanachambua nguo za nyumbani. Alieleza kila kitu, hata lile "sijui" alilomwambia Moto. Mama hakuinua macho.

"Kwa hiyo ulitaka akuombe."

"Ningefurahi angeuliza tu."

"Na wewe ulikatwa ulimi?"

"Mama, miaka kumi na mmoja!"

"Nimesikia, kumi na mmoja, nilikuwepo. Yeye mzee wa watu ana kiburi cha kuwa na duka. Wewe una kiburi cha nini? Cha mishono?" Akakunja kanga. "Hata hao watu, wewe unawaita kijani saba, bluu kumi na mbili. Wana majina, mwanangu. Wako huko wanatembea uchi kwa ajili yenu wawili."

"Hawatembei uchi."

"Mwalimu wa watu amefukuzwa benki!"

Sindano akaangua kicheko, na mama naye akashindwa kujizuia, na walipomaliza kucheka Sindano alikuwa anafuta machozi ambayo hakujua yalianza lini.

Asubuhi hakufungua duka. Alipanda barabara na kijaluba chake cha sindano mfukoni, huku akijiambia kwa kila nguzo ya taa kwamba bado anaweza kugeuza. Kwa Bwana Mvuke mlango ulikuwa wazi. Nyuma ya kaunta nguo zilirundikwa hadi usawa wa kifua, zimefuliwa, hazina wenyewe, na harufu yake ya sabuni na joto ilimpiga usoni kama mtu wa nyumbani anavyokupiga begani.

Bwana Mvuke alikuwa ameketi, miwani mkononi. Bila miwani alionekana mdogo.

"Umekuja kucheka?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kucheka?"

"Nimekuja kusoma," alisema Sindano. "Moto yuko wapi? Aje na henga."

Alikaa. Akavuta shati la kwanza, kidole kikapita ukosini. "Kijani saba, baba. Mhudumu wa mkahawa, na mikono usitie mstari. Kijivu mbili, mama. Ile nyumba yenye geti bovu. Nyekundu tisa, mtoto. Bluu tano, bluu tano, bluu tano, hawa wameleta nyumba nzima." Moto alitundika, akakimbia, akarudi, "Moto! Moto!" ingawa hakuwa na pasi. Lundo likashuka hadi kiunoni, likashuka hadi magotini. Suti ya mwalimu ilipotajwa, Sindano hakuhitaji hata kufikiri: atakuwa amepewa wakala wa bima, kijivu mishono mitano, anayekaa nyumba ya pili yake, kimo sawa, na mtu wa kwenda benki kila siku. Moto akatumwa.

Saa zilikwenda bila kutupiwa jicho. Katikati ya kazi Sindano aligundua jambo lililomtisha: miguu ilikuwa imetulia. Kwa mara ya kwanza katika miezi miwili hakuwa na hamu ya kwenda mlangoni. Mtu alimwekea chai, na alikunywa. Mtu aliuliza tufanye hiki au kile, akajibu, nao wakafanya. Kumbe raha ya kuajiriwa ni hii, aliwaza: hofu inalala kwa bosi.

Bwana Mvuke alivuta kiti, akakaa mkabala naye. Alikuwa ameirudisha miwani.

"Rudi," alisema.

Sindano aliendelea na kola iliyokuwa mkononi.

"Nitakuwekea meza yako. Pale, karibu na dirisha. Na kiti kile cha kuzunguka. Utakuwa msimamizi, hata mimi nikitaka jambo nitakuuliza kwanza."

Wewe? Uniulize? Sindano alikijua kilemba cha ukoka akikiona, lakini hiki hakikuwa hicho. Mzee alikuwa anasema kweli, na ndiyo ilikuwa shida. Aliliona lile dirisha. Alikiona kiti. Aliona mwisho wa mwezi ukija bila kumkaba, mama akikaa nyumbani na bakuli lake, na funguo za kile chumba kimoja na nusu zikirudi kwa mwenye nyumba bila ugomvi. Neno "ndiyo" lilifika hadi kwenye meno.

"Sharti langu moja tu," Bwana Mvuke akaongeza, akishusha sauti. "Alama zako zibaki hapo hapo zilipo. Kichwani. Usimfundishe huyu Moto wala mwingine yeyote. Wakishajua, na wao watatoka wafungue maduka."

Nyuma yao Moto, aliyekuwa amerudi na suti ya kahawia begani, alikohoa kikohozi kirefu kisichokuwa na mafua.

Sindano aliliweka shati chini. Alijiuliza tangu lini kichwa chake kimekuwa stoo ya mtu. Aliona kwamba hata miezi hii miwili, kule chini, amekuwa bado yuko hapa. Kazi yake yote ilikuwa kushika mlango wa stoo hii, asiingie mtu, na kungoja aliyefungiwa nje aje kulia. Hilo halikuwa duka. Ulikuwa ulinzi.

"Nipe daftari," alisema.

"Daftari la nini?"

"La kuandikia. Lile kubwa, la mistari. Na wewe Moto njoo ukae hapa, leta nyuzi zote."

"Ngoja kwanza." Bwana Mvuke alisimama nusu. "Ukiandika kila kitu, kesho mimi nitakuhitaji kwa lipi?"

"Ndiyo maana naandika, mzee."

Nyuma mashine kubwa ilikuwa ikisuuza. Kisha Bwana Mvuke akaivuta droo, akatoa daftari, akalipuliza vumbi ambalo halikuwepo.

Iliwachukua siku tatu. Sindano aliandika rangi na mitaa, nyumba na watu, na kwa kulikumbuka neno la mama yake, aliandika majina pia: si kijivu mishono minne, bali mwalimu fulani, mtoto wa fulani, hapendi wanga. Moto alisoma akikosea, akarekebishwa, akakosea tena. Siku ya tatu jioni alichukua gauni gumu kuliko yote, la zambarau mishono kumi na tisa, mmoja uliosimama juu ya mmoja uliopinda, la mama na binti, akafumba macho, akalisoma kwa kidole bila kukosea, kisha akacheza duka zima.

Sindano alipofunga kijaluba chake, Bwana Mvuke alimsindikiza hadi mlangoni.

"Siku ile nilinyamaza makusudi," Sindano alisema, akitazama barabara.

"Na mimi sikuuliza makusudi." Mzee alifuta miwani. "Unafungua saa ngapi huko kwako?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Upuuzi. Mwenye nguo ya kufulisha haamki saa hizo. Fungua saa mbili, ulale."

Hakusema asante. Lakini hakuwahi kumwambia mfanyakazi wake yeyote alale.

Usidhani mambo yalinyooka. Mwezi wa tatu ulianza, mafurushi yakarudi barabarani, na karibu yote yalipita mbele ya dirisha la Sindano yakipanda juu kwa Bwana Mvuke, ambako sasa hakuna kilichopotea. Kengele aliing'oa, akaacha mlango mtupu. Mwalimu wa hesabu alileta mashuka mawili, kwa adabu, kama mtu anayetoa rambirambi. Nesi mmoja alileta sare zake na kuahidi kumletea rafiki zake. Mama alikuwa ameacha methali, jambo lililomtia Sindano hofu zaidi ya methali zenyewe. Zilibaki siku tisa kodi iishe. Kila asubuhi alijiuliza lile swali la mwalimu, tofauti yako ni ipi, na kila asubuhi alilijibu kwa kufagia.

Siku ya Alhamisi, saa tatu, pikapu ilisimama mlangoni ikaziba mwanga wote. Akashuka mwanamume mnene mwenye kofia, jasho linamtoka, na nyuma ya gari palikuwa na kitu kama tembo aliyekunjwa.

"Wewe ndiye Sindano?"

"Ndimi."

"Mimi nakodisha mahema. Hili ni la watu mia mbili. Juzi lilikuwa kwenye harusi, mvua ikapiga, maharusi wakacheza, wageni wakacheza, tope limecheza kuliko wote. Jumamosi asubuhi lina harusi nyingine. Nimekwenda kwa yule mzee juu, kasema halipiti mlangoni kwake na mgongo wake hauna ujana huo. Kanituma kwako. Kasema, 'Muulize yule asiyesikia la mkuu, tuone kama guu lake bado zima.'"

Mama, aliyekuwa kwenye kigoda chake, akaguna. Sindano alilitazama hema. Alitazama mashine yake. Isingemeza hata kamba zake. Alitazama mlango, uani, mawingu, ambayo yalikuwa mawili na hayakuwa yameamua. Ndani yake kile kitu kilichokuwa kikimtembeza kutwa kati ya mlango na kaunta kikasimama wima, kikavua viatu.

"Kwa siku mbili?" aliuliza.

"Siku moja na nusu. Unaweza au huwezi? Nina mengine manne nyumbani, yote machafu, sijapata mtu."

"Lishushe," alisema Sindano. "Si hapa. Zunguka nyuma."

"Mwanangu," mama alinong'ona, "uani ni kwa watu wanne."

Lakini Sindano alishatoka. Aligonga mlango wa mpangaji wa kwanza, akaomba kamba yake hadi kesho jioni. Akagonga wa pili, akaahidi kumfulia mablanketi. Wa tatu hakuwepo, akamwondolea soksi zake mwenyewe, akazikunja, akaziweka dirishani. Hema lilifunuliwa, likajaa uani, likapanda kuta, likatoka kwenye geti la nyuma na kuteremka kichochoroni kama ulimi. Wapita njia walisimama. Wengine waliuliza kuna nini, wengine walitoa ushauri usioombwa. Sindano alipandisha sketi, akafunga fundo, akapiga magoti juu ya tope na brashi ya mkono wa mbao, akaanza kwenye kona moja.

Mama alijitahidi kukaa pembeni. Alijitahidi kwa muda wa ndoo moja. Kisha alivua miwani, akaikabidhi kwa jirani, akachukua brashi ya pili, akazunguka nyumba kwenda kutafuta upande wa pili wa lile hema, akilalamika njia nzima. Sauti yake ilisikika kutoka kichochoroni, mbali.

"Mwisho wake uko wapi?"

"Sijui bado, mama!" Sindano alipaza sauti bila kusimamisha mkono. "Wewe anza tu hapo ulipo!"